Hisa Zilizokufa Nazo Zihesabiwe: Historia ya Mkanda wa Data Uliobadilisha Elimu ya Fedha

Wengi mnaosoma ukurasa huu ni watu wa kompyuta, na najua nikitaja soko la hisa baadhi yenu mtataka kufunga dirisha. Subirini kidogo. Leo sitasema ununue hisa gani, na kusema kweli mimi si mtu wa kuulizwa hayo. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu. Ninachotaka kusimulia ni historia ya faili moja la data: lilivyoanza, lilivyowapa watu tuzo na utajiri, na jinsi nafasi chache tupu ndani yake zilivyowafanya wasomi wakubwa waamini jambo ambalo halikuwa kama walivyodhani.

Ukiwa umewahi kuandika programu yoyote inayosoma data, utajiona humu ndani.

Kabla ya faili

Nadharia za bei za hisa ni za zamani kuliko unavyofikiri. Mwaka 1900 huko Paris, Louis Bachelier aliandika tasnifu ya hisabati iliyosema kwamba bei sokoni huyumbayumba bila mtu kuweza kujua zitaelekea wapi. Watu wachache sana walimsikiliza.

Aliyefuata ambaye sisi watu wa mashine tunapaswa kumkumbuka ni Alfred Cowles, Mmarekani tajiri aliyechoka kulipia ushauri wa wataalamu wa hisa. Soko lilipoanguka mwaka 1929, aligundua kwamba wataalamu wake hawakuliona likija. Basi akaamua kuwapima. Alikusanya ushauri wa kampuni 16 za huduma za fedha, mapendekezo kama 7,500 ya kununua hisa kati ya Januari 1928 na Julai 1932, kisha akatumia mashine za kadi za matundu kufanya hesabu. Mwaka 1933 alichapisha makala yenye swali kwenye kichwa chake: je, watabiri wa soko la hisa wanaweza kutabiri? Jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba ni jambo la kutiliwa shaka. Kwa wastani, mapendekezo yao yalikuwa mabaya kuliko hisa ya kawaida kwa asilimia 1.43 kila mwaka.

Kazi nzuri, lakini ilikuwa ya kipindi kifupi. Swali kubwa zaidi lilibaki bila jibu: mtu wa kawaida akinunua hisa na kutulia miaka mingi, anapata nini? Kila dalali alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Simu iliyopigwa Chicago

Kampuni ya madalali ya Merrill Lynch ilitaka kutangaza kwamba hisa ni mahali pazuri pa kuweka akiba ya mwananchi. Shida ni kwamba huwezi kutangaza jambo kama hilo bila kuthibitisha. Ofisa wao mmoja, Louis Engel, akampigia simu Profesa James Lorie wa Chuo Kikuu cha Chicago na kumuuliza kama kuna anayejua jibu. Lorie hakulijua, wala hakumjua mtu aliyelijua. Kampuni ikatoa ruzuku ya dola 50,000, na mwaka 1960 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa bei za hisa ambacho hadi leo kinajulikana kwa herufi zake nne, CRSP.

Lorie alishirikiana na Lawrence Fisher. Mpango wao ulionekana rahisi kwenye karatasi: chukua bei ya mwisho wa mwezi ya kila hisa ya kawaida kwenye soko la New York, kuanzia Januari 1926 hadi Desemba 1960, weka kwenye mikanda ya sumaku, kisha uiachie kompyuta ihesabu. Walichagua 1926 ili wapate pia miaka ya kabla ya anguko la 1929.

Kazi hiyo ilikula miaka minne. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu bei ya hisa peke yake haikwambii kitu. Angalia mambo haya:

1. Kampuni hugawanya hisa zake. Hisa moja ya dola 100 inakuwa mbili za dola 50. Programu isiyojua hilo itasema mwenye hisa amepoteza nusu ya mali yake, kumbe hajapoteza hata senti.

2. Kampuni hulipa mgao wa faida. Usipouhesabu, umemnyima mwekezaji sehemu kubwa ya mapato yake.

3. Kampuni hubadilisha majina, huungana, humezwa na nyingine. Hisa ileile inaweza kuonekana kama tatu tofauti, na hisa tofauti zikaonekana kama moja.

4. Kampuni hufa.

Jambo la tatu walilitatua kwa njia ambayo kila mjenzi wa hifadhidata anaifahamu. Katika data za CRSP kila hisa ina namba yake ya kudumu isiyobadilika hata jina la kampuni likibadilika mara kumi. Sisi tunaita hiyo ufunguo wa msingi. Jambo la nne tutalirudia, maana ndilo kiini cha makala haya.

Jibu lilichapishwa Januari 1964. Mtu asiyelipa kodi, aliyenunua hisa zote mwaka 1926, akalipa ada za madalali na kuwekeza tena kila mgao, angepata asilimia 9.0 kwa mwaka, faida juu ya faida, kwa miaka yote 35. Ukipiga hesabu utaona kwamba dola moja ingekuwa dola 20 na ushee. Na humo ndani mna anguko la 1929, miaka ya njaa ya 1930, na vita vya pili vya dunia.

Wengi walishangaa, kwa maana waliokulia miaka ile walijua hisa kama kamari. Merrill Lynch walifurahi, bila shaka. Lakini ona vizuri ni nini kilichofanya jibu lile liaminike: Fisher na Lorie hawakuchukua kampuni zilizokuwa hai mwaka 1960 wakarudi nyuma kuangalia zilivyofanya. Walichukua zilizokuwepo wakati huo, pamoja na zile zilizokuja kufa njiani.

Data zatafuta mtumiaji

Sasa kituo kilikuwa na mikanda, lakini mikanda bila wasomaji ni gharama tu. Eugene Fama, aliyekuwa mwalimu kijana hapo Chicago, amesimulia kwamba Lorie alimjia akiwa na wasiwasi: data hizi zisipotumiwa, fedha za kituo zinaweza kukatwa. Akampa wazo la kuandika makala kuhusu kugawanywa kwa hisa. Fama akaungana na Fisher mwenyewe pamoja na wanafunzi wawili, Michael Jensen na Richard Roll.

Makala yao yalitoka mwaka 1969. Walichukua matukio 940 ya kugawanya hisa kati ya 1927 na 1959. Njia waliyotumia utaipenda ikiwa umewahi kutafuta hitilafu kwa kulinganisha kumbukumbu za seva mbalimbali. Kila tukio lilikuwa na tarehe yake, moja 1931, jingine 1948, kwa hiyo wakayasogeza yote yakutane kwenye mwezi sifuri. Kisha wakaondoa sehemu ya mwendo wa bei inayotokana na soko zima kupanda au kushuka. Kilichobaki wakakijumlisha kuanzia miezi 29 kabla ya tukio hadi miezi 30 baada yake.

Picha iliyotokea ilikuwa safi ajabu. Hisa hupanda kabla ya kugawanywa, kwa sababu kampuni zinazogawanya hisa ni zile ambazo mambo yao yamekuwa yakiwaendea vizuri. Baada ya mwezi sifuri mstari unalala. Hakuna faida ya ziada ya kuokota. Zile ambazo baadaye ziliongeza mgao zilisogea juu kidogo, na zile zilizopunguza mgao zilianguka. Maana yake ni kwamba kuikata chapati vipande viwili hakuongezi chapati. Soko lilikuwa linasoma habari iliyo nyuma ya kitendo, yaani matumaini ya mgao mkubwa zaidi.

Njia hii ya uchunguzi wa tukio ikawa jembe la kila mtafiti wa fedha za kampuni. Kampuni mbili zikiungana, nani anafaidika? Mkurugenzi akifukuzwa, wenye hisa wanafurahi au wanalia? Hata mahakama za Marekani huitumia kukadiria hasara katika kesi za udanganyifu.

Wakati huohuo upande wa nadharia nao ulikuwa haujalala. Harry Markowitz alikuwa ameonyesha mwaka 1952 jinsi ya kupima faida ya kutoweka mayai yote kapu moja. Franco Modigliani na Merton Miller waliuliza mwaka 1958 kama kampuni inapata thamani kwa kukopa badala ya kuuza hisa. Na mwaka 1964, mwaka uleule wa jibu la asilimia 9, William Sharpe alichapisha kielelezo kinachosema kwamba faida unayotarajia kwenye hisa inategemea jinsi inavyoyumba pamoja na soko zima. Bila mikanda ya Chicago, mengi ya mawazo haya yangebaki ubaoni. Kwa mikanda hiyo yaliweza kupimwa, na mengine yakaanza kuonyesha nyufa.

Hisa ndogo, pesa kubwa

Ufa mmoja ulionekana mwaka 1981. Rolf Banz, aliyesomea udaktari wake Chicago, alitumia data za CRSP za 1936 hadi 1975 akagundua kwamba hisa za kampuni ndogo kabisa zilikuwa zimelipa zaidi ya kile ambacho kielelezo cha Sharpe kingetabiri. Hii ikaitwa athari ya udogo.

Mwaka huohuo David Booth, aliyekuwa mwanafunzi wa Fama, pamoja na Rex Sinquefield walianzisha kampuni ya Dimensional Fund Advisors. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa mfuko wa kununua hisa ndogo. Kampuni ilikua ikawa kubwa mno, na mwaka 2008 Booth alikipa chuo chake zawadi iliyotajwa kuwa ya thamani ya dola milioni 300. Shule ya biashara ya Chicago inaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1992 Fama na Kenneth French waliutia udogo kwenye orodha fupi ya mambo yanayoeleza faida za hisa, na mwaka 2013 Fama alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa hiyo wazo lilitoka kwenye mkanda, likaingia kwenye majarida, likaingia kwenye vitabu vya vyuo, kisha likaingia kwenye akiba za wafanyakazi na wastaafu. Hapo ndipo makosa ya data yanapoacha kuwa mchezo wa wasomi.

Nafasi tupu si sifuri

Turudi sasa kwenye jambo la nne: kampuni hufa.

Hisa ikiondolewa kwenye orodha ya soko kwa sababu kampuni imefilisika au haina tena mtaji wa kutosha, nini hutokea kwa mwenye hisa? Hisa yake haiyeyuki siku hiyo. Anaweza kuiuza nje ya soko rasmi, kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo ndiyo ya mwisho na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote.

Faili la CRSP lilikuwa na safu ya kurekodi pato hilo la mwisho. Lakini mwaka 1997 Tyler Shumway wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba kwa hisa zilizoondolewa kwa sababu mbaya, sehemu kubwa ya safu hiyo ilikuwa tupu. Hisa zilizomezwa na kampuni nyingine, zile zilizokufa kifo kizuri, zilikuwa na rekodi. Zilizokufa vibaya ndizo zilizokosa.

Na programu za watafiti zilifanya nini zikikuta nafasi tupu? Zile ambazo programu zako na zangu hufanya usipoziambia vingine. Ziliruka mstari.

Chukua mfano wa kubuni. Una hisa ndogo 10, kila moja ya shilingi 100, jumla shilingi 1,000. Tisa zinapanda kwa asilimia 10, moja inaondolewa sokoni na kupoteza asilimia 30. Umebaki na 990 kujumlisha 70, yaani 1,060. Faida yako ni asilimia 6. Lakini programu inayoruka nafasi tupu itahesabu zile tisa tu na kukwambia asilimia 10. Sasa tuseme hisa kubwa zimelipa asilimia 7. Kwenye kompyuta hisa ndogo zimeshinda kwa pointi tatu. Mfukoni mwako zimeshindwa kwa pointi moja.

Shumway hakuishia kulalamika. Alitafuta bei ambazo hisa hizo ziliuzwa nje baada ya kuondolewa, akapendekeza kwamba kwa masoko ya New York na Amerika nafasi hizo zijazwe kwa hasara ya asilimia 30. Mwaka 1999, pamoja na Vincent Warther, alifanya vivyo hivyo kwa soko la Nasdaq, ambako kampuni ndogo ni nyingi na hufa kwa wingi. Huko hasara ya kujazia ilikuwa asilimia 55. Walipojaza na kurudia hesabu, athari ya udogo kwenye hisa za Nasdaq haikuonekana tena.

Tafakari hilo. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyefuta rekodi kwa nia mbaya. Ni kwamba kampuni dhaifu ndizo huacha kutoa bei, na kampuni ndogo ndizo dhaifu, kwa hiyo pengo la data lilikuwa limeegemea upande mmoja. Mjadala kuhusu hisa ndogo kwenye soko la New York haujaisha, na watafiti bado wanautumia udogo kwenye vielelezo vyao. Lakini tangu makala yale, mtafiti wa hisa za Marekani akiwasilisha kazi ataulizwa mapema: zilizoondolewa umezifanyaje?

Data za CRSP zina mitego mingine ya aina hii, na mimi huwa naifurahia kama mtu anayefurahia hadithi za mashetani. Bei ikiandikwa kwa alama ya kutoa haimaanishi kwamba hisa ina thamani hasi. Inamaanisha kwamba siku hiyo haikuuzwa, na namba iliyopo ni ya katikati ya bei za wanaotaka kununua na wanaotaka kuuza. Pato lisilojulikana kwenye mafaili lilipewa alama kama -99. Msomaji mzembe akiiingiza kwenye wastani, amemfilisi mwekezaji mara 99 kwa mwezi mmoja! Tayari mwaka 1974 Barr Rosenberg na Michel Houglet walikuwa wamechunguza makosa kwenye hifadhidata za aina hii na kuona kwamba ni machache, ila makosa makubwa machache yanatosha kupotosha matokeo.

Na kwetu Nairobi?

Soko letu lilianza rasmi mwaka 1954, na kipimo chake kinachojulikana zaidi, cha hisa 20, kinahesabiwa kuanzia 1966. Kipimo hicho kinafuata bei tu. Mgao haumo. Kwa hiyo anayekuonyesha mchoro wake na kusema hivi ndivyo wenye hisa wa Kenya walivyopata, tayari ameacha kitu nje.

Kisha kuna wafu na waliozirai. Hisa za Uchumi zilisimamishwa mwaka 2006 na kurudi sokoni 2011. Mumias Sugar, ambayo wakulima na walimu wengi walikuwa na hisa zake, ilisimamishwa mwaka 2019. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na kurejea Januari 2025. Niambie, ukiandika programu ya kuhesabu faida ya soko la Nairobi, miezi ile zaidi ya 50 ya Kenya Airways utaiandika nini? Ukiandika sifuri umesema bei haikubadilika, na huna ushahidi. Ukiiruka umesema mwenye hisa hakuwepo, na alikuwepo, amefungiwa mlango, hawezi kuuza hata akiwa na karo ya kulipa. Ukianza na orodha ya kampuni zilizopo leo na kurudi nyuma, umemfuta kabisa mwenye hisa za Mumias.

Jambo hili nimeliona hata mbali na hisa. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitaka kujua wateja wake hukaa miaka mingapi. Mfumo wao ulikuwa unafuta akaunti ya kila mteja aliyehama. Waliobaki kwenye hifadhidata walikuwa waaminifu wote, na wastani ukatoka mtamu sana.

Basi ukipewa mchoro wowote wa mafanikio, wa mfuko wa uwekezaji, wa chama cha akiba na mikopo, au wa programu mpya inayojisifu kwamba ingekutajirisha ungeianza miaka 10 iliyopita, uliza swali ambalo Fisher na Lorie walijiuliza mwaka 1960. Orodha hii ya majina imeandikwa siku ya kuanza safari, au siku ya kufika? Kama ni siku ya kufika, waulize waliozama wako wapi.

Kituo cha Chicago chenyewe kimesafiri mbali. Septemba 2025 kampuni ya Morningstar ilitangaza makubaliano ya kukinunua kutoka kwa chuo kwa dola milioni 375. Si haba kwa mradi ulioanza kwa ruzuku ya dola 50,000 na swali la simu. Na sehemu kubwa ya thamani hiyo imetokana na kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi: watu walioketi na karatasi kuukuu, wakitafuta bei ya mwisho ya hisa ya kampuni ambayo hakuna tena anayeikumbuka.

Ikiwa kuna mwanafunzi wa kompyuta anayesoma hapa na anatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, huo hapo. Tengeneza faili la hisa za Nairobi tangu 1954, zilizo hai na zilizokufa, pamoja na mgao wake na bei zake za mwisho. Anza na zilizokufa, maana hizo ndizo karatasi zake zinapotea haraka.

Hadi wakati mwingine, kwaherini.